Mcheza Kwao Hutuzwa

Mike Resnick alizaliwa Chicago mwaka 1942 na kufariki Januari 2020. Kati ya miaka hiyo miwili aliandika riwaya zaidi ya 70 na hadithi fupi zaidi ya 200, achilia mbali lundo la vitabu vya ngono alivyovitoa ujanani kwa majina ya bandia ili apate riziki. Aliteuliwa mara 37 kuwania Hugo, tuzo inayotajwa kwanza kila wapenzi wa hadithi za kisayansi wanapokutana, na akaibeba mara tano. Mwaka 2012, Worldcon, kongamano kubwa la mashabiki wa fani hiyo, lilipofanyika Chicago, mji aliozaliwa, yeye alikuwa mgeni wa heshima. Wasifu wake haukuchoka kutaja hesabu ya jarida la Locus iliyomweka juu ya waandishi wote, walio hai na waliokufa, kwa wingi wa tuzo za hadithi fupi.

Sasa zitazame hizo Hugo tano. Ya kwanza, 1989, ni ya hadithi iitwayo "Kirinyaga". Ya pili, 1991, ni ya "The Manamouki". Ya tatu, 1995, ni ya "Seven Views of Olduvai Gorge", ambayo ilimpatia na tuzo ya Nebula. Kirinyaga ndilo jina la Mlima Kenya kwa Wakikuyu. Olduvai ni korongo letu la Ngorongoro, kule kwenye mifupa ya binadamu wa kale. Manamouki tutalirudia, maana lina hadithi yake. Tuzo tatu kati ya tano zimechimbwa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo Resnick alikuwa ameshauza vizuri sana riwaya ya visa vya angani, Santiago (1986), na haikumletea Hugo. Afrika ndiyo iliyomheshimisha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Resnick alicheza kwao, na kwao wakamtuza: Boston 1989, Chicago 1991, Glasgow 1995. Ngoma ilikuwa yetu, uwanja haukuwa wetu. Hoja yangu ni kwamba tuzo zile zilitoa ushahidi wa jambo moja tu, nalo ni kwamba watazamaji waliokuwepo walifurahi. Juu ya Wakikuyu, juu ya Olduvai, juu ya mustakabali wa mtu yeyote anayeishi chini ya mlima ule, tuzo zile hazikusema kitu. Nasi tumezoea kuzipokea kana kwamba zilisema.

Kwanza nimpe haki yake, kwa sababu kumshambulia mtu kwa kosa asilolifanya ni uvivu. Yapo makundi mawili ambayo sitaki kukaa nayo meza moja. La kwanza husema mzungu asituandike. Upuuzi. Anayetaka kuzuia Mmarekani asiandike kuhusu Nyeri aanze kwa kumzuia Mswahili asiandike kuhusu Mihiri, na tutabaki kila mtu na kitongoji chake. Kundi la pili husema "ni hadithi tu, mbona mnakuza mambo?" Hao nitawarudia.

Resnick alikuwa fundi. Katika "The 43 Antarean Dynasties", iliyompatia Hugo ya nne mwaka 1998, msimulizi ni kiongozi wa watalii kwenye sayari iliyotekwa na binadamu. Anawatembeza watalii wa kibinadamu katikati ya magofu ya ustaarabu wa watu wake, na wao hawaoni kitu ila joto na uchovu wao. Aliyewahi kumsikia mtalii akiuliza bei mbele ya kaburi la mtu atajua kwamba mwandishi huyu alikuwa na jicho. Katika riwaya ya Ivory (1988) alifuatilia pembe kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa, za ndovu aliyeuawa miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Pembe hizo ni za kweli. Ziliuzwa Zanzibar, kila moja ina uzito wa karibu kilo 100, na zimeishia makumbusho ya London. Resnick alielewa kwamba hapo pana dhuluma inayodai jibu, akamweka Mmaasai wa mwisho duniani azitafute hata kama itachukua maelfu ya miaka.

Lakini Mmaasai huyo anaitwa Bukoba. Bukoba Mandaka. Mji wa Wahaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, umekuwa jina la morani wa mwisho. Ni sawa na kuandika riwaya ya Mskoti wa mwisho duniani ukamwita Marseille. Hilo peke yake ni la kucheka na kupita. Usipite lakini, kwa sababu linatuonyesha masikio ya mwandishi yalikuwa wapi.

Turudi kwenye Manamouki. Litamke kwa sauti. Kila anayejua Kiswahili atamsikia mwanamke ndani yake, mwanamke aliyevunjwa shingo. Tahajia hiyo tayari imo katika kitabu cha safari ya uwindaji cha Ernest Hemingway, Green Hills of Africa, cha mwaka 1935, na humo hutumika kwa mnyama jike anayeonekana kwa mbali, kando ya "doumi", yaani dume. Ni Kiswahili cha kambini, kilichosikika kwa sikio la mtu mwenye bunduki, kwa ajili ya kazi moja: kujua kama aliye mbele yako anafaa kupigwa risasi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye neno hilo linakuwa kichwa cha hadithi kuhusu mwanamke anayetaka kuishi kama Mkikuyu, na linatuzwa.

Sishangai. Resnick alizuru Afrika, alisoma sana, na aliwapenda mno wawindaji wa zamani kiasi cha kusimamia mfululizo mzima wa vitabu vyao vilivyochapishwa upya kwa jina la Maktaba ya Resnick ya Visa vya Afrika. Tatizo la maktaba ya mwindaji ni kwamba ina wanyama wengi, milima mingi, wapagazi wengi, na hakuna mwalimu hata mmoja. Shule haimo. Kiwanda cha uchapaji hakimo. Mchapa magazeti wa mjini hayumo. Mwindaji hakuja kuwaona hao.

Hapo ndipo penye shtaka langu kubwa. Kitabu cha Kirinyaga, kilichokusanya hadithi zile mwaka 1998, kinasimulia Wakikuyu wachache wanaoihama Kenya ya karne ya 22 na kwenda kuishi kwenye sayari ndogo iliyotengenezwa ifanane na nchi ya mababu. Kiongozi wao ni Koriba, mundumugu, msomi wa vyuo vikuu vya ng'ambo anayetaka watu wake waishi kama walivyoishi kabla ya mzungu. Kenya aliyoiacha, kwa maneno yake, ni nchi ya Wazungu weusi. Katika hadithi ya kwanza anamuua mtoto mchanga kwa sababu amezaliwa akitanguliza miguu, na anaitetea mila hiyo mbele ya watu wa nje.

Hadithi bora zaidi humo ni "For I Have Touched the Sky", iliyoteuliwa kuwania Hugo. Kamari, mtoto wa kike, anafanya kazi za nyumbani kwa Koriba na kugundua kompyuta yake. Anataka kujua kusoma. Koriba anakataa: mwanamke wa Kikuyu hasomi, na maarifa yataibomoa Kirinyaga. Anaiamuru mashine isizungumze naye kwa lugha yoyote inayojulikana. Msichana anatengeneza na mashine lugha mpya kabisa. Njia hiyo nayo inapofungwa, anajinyonga, na nyuma yake anaacha mistari miwili ya maandishi. Ukiisoma bila kuumia, una moyo wa jiwe.

Nami niliumia. Kisha nikauliza: mila hii inayokatazana na kitabu, Resnick aliitoa wapi?

Hakuitoa kwenye historia ya Wakikuyu. Mwaka 1929 wamisionari wa Kiskoti na wenzao waliwaambia Wakikuyu wachague: waikane tohara ya wasichana, au wao na watoto wao watoke kanisani na shuleni. Tuache kwa leo kama tohara ile ilistahili kutetewa. Mimi nasema haikustahili. Angalia walichofanya waliotoka. Kwa nadharia ya Koriba, wangerudi msituni na kuchoma vitabu. Badala yake walijenga shule zao. Walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakaunda vyama viwili vya shule huru, kimoja kikijiita karing'a, yaani halisi, wasiochanganyika. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Na wasichana walikuwemo.

Lisome tena hilo. Watu walioitwa washika mila wakubwa kuliko wote, waliojipa jina la "halisi", ndio waliojenga madarasa. Kwao kitabu hakikuwa adui wa mila. Kilikuwa silaha yake. Jomo Kenyatta alipotaka kuzitetea desturi za Wakikuyu, alikwenda London akaandika kitabu, Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Na aliyezifunga shule zile mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, hakuwa mundumugu. Alikuwa serikali ya mkoloni. Mkono uliomnyang'anya Kamari wa kweli kitabu chake ulikuwa wa ofisa wa Kiingereza mwenye amri iliyopigwa taipu. Hadithi iliyotuhuzunisha imeuhamisha mkono huo na kuuweka kwenye bega la mganga wa kijiji.

Hili si kosa dogo kama jina la Bukoba. Ni kosa linalogeuza mshtakiwa kuwa hakimu. Kirinyaga inampa msomaji njia mbili tu: kijiji kisicho na kitabu, au mji usio na mila. Ukichagua kijiji, Kamari anakufa. Ukichagua mji, umekuwa Mzungu mweusi. Njia ya tatu, ambayo watu halisi waliijenga kwa matofali yao, haipo kwenye ramani ya sayari ile.

Nasikia watetezi wakisafisha koo. Watasema: humwelewi msimulizi. Koriba si Resnick. Kitabu kinamhukumu Koriba. Kinaonyesha jinsi ndoto ya usafi inavyooza. Ni kweli, na ni utetezi wa maana. Kirinyaga ni kitabu cha kejeli, na anayekisoma kama sifa kwa Koriba amekisoma vibaya.

Kejeli, hata hivyo, huhitaji kitu cha kulinganisha. Nikikwambia kwa uso mkavu kwamba mjomba wangu ni mnyenyekevu, utacheka tu kama unamjua mjomba wangu. Mpiga kura wa Boston mwaka 1989 alimjua Koriba. Hakumjua mwalimu wa Githunguri. Alijua kwamba Koriba amekosea kuhusu yule mtoto mchanga. Hakuwa na njia ya kujua kwamba Koriba amekosea kuhusu Wakikuyu. Kitabu kinapinga hukumu ya mundumugu na kukubali ushahidi wake. Msomaji anamaliza akiwa amemkasirikia mzee na kuamini kila alichosema juu ya mila zake. Basi wale wa "ni hadithi tu" wajibu hili: kama ni hadithi tu, kwa nini ilibeba jina la mlima wa kweli na la kabila la kweli? Resnick alijua kubuni sayari. Zamani alibuni moja yenye historia ya Kenya akaiita Peponi, nyingine yenye historia ya Uganda akaiita Faligor. Alipotaka kinga ya ubunifu aliitumia. Kwa Kirinyaga alitaka uzito wa ukweli, na uzito huo ndio uliotuzwa.

Tuielewe pia hiyo tuzo, maana jina lake hutisha kuliko utaratibu wake. Hugo haina jopo la majaji waliofungiwa chumbani. Hupigiwa kura na wanachama wa Worldcon: ukilipa ada, una kura. Ni utaratibu wa kidemokrasia, na nauheshimu. Ila demokrasia hujibu swali la waliohudhuria. Worldcon ilianza New York mwaka 1939. Imefika Ulaya, Australia, Japani na China. Afrika haijakanyaga. Kwa hiyo Hugo ya "Kirinyaga" ni maoni ya kweli ya watu wa kweli, waliopenda hadithi kuhusu watu ambao hawakuwa ukumbini. Hakuna aliyedanganya. Tunaodanganyika ni sisi, tunapoyapandisha maoni hayo cheo na kuyaita hukumu ya dunia.

Na wakati huo, nani alikuwa akicheza kwao bila kutuzwa na ukumbi ule?

Karatina, mji ambao mlima wenyewe unaonekana mbingu zikitakata, aliishi Gakaara wa Wanjaũ. Aliandika na kuchapa vitabu kwa Kikuyu maisha yake yote, kwa mashine yake mwenyewe. Mkoloni alimkamata Oktoba 1952 na kumweka kizuizini miaka mingi, na hakuacha kuandika. Mwaka 1984 shajara yake ya kizuizini ilipata tuzo ya Noma. Mkikuyu mtetezi wa lugha ya mababu, aliyezungukwa na risasi za chapa na wino! Hakuna nafasi ya mtu huyu Kirinyaga. Koriba angemfukuza, na maktaba ya mwindaji isingemtambua.

Kisha yupo Katama Mkangi. Mwanasosholojia wa pwani ya Kenya, aliyewekwa kizuizini bila kesi miaka ya 1980 kwa sababu ya fikra zake. Mwaka 1995, mwaka ule ule Olduvai ilipompa Resnick Hugo ya tatu, Mkangi alichapisha riwaya ya Kiswahili, Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Hafi. Anajifunza kukiongoza, anatua kwenye nchi ya watu walio sawa, na anaanza kuuliza ilikuwaje kwao wakaweza na kwao yeye wakashindwa. Chombo cha angani kipo. Nchi bora ipo. Kenya, japo haitajwi, ipo kila ukurasa. Vitabu viwili vya muongo mmoja, vyote viwili vikiuliza Mkenya aishi vipi kesho. Kimoja kilinadiwa kama mojawapo ya vitabu vilivyoheshimiwa zaidi katika fani nzima. Kingine wasomaji wengi wa hadithi za kisayansi hapa kwetu hawawezi kukitaja jina.

Jina lake lenyewe ni hoja. Walenisi: wale ni sisi. Mkangi aliwaona watu wa nchi ya mbali, wenye maarifa, wenye haki, wenye vyombo vya angani, akasema wale ni sisi. Kirinyaga imeandikwa kutoka upande wa pili wa sentensi hiyo. Ina "wale" tupu. Wale na mila zao, wale na mganga wao, wale na msichana wao aliyekufa. Msomaji wa Boston alilia kwa ajili ya wale, akapiga kura, akaenda chakula cha jioni.

Sitaki umtupe Resnick. Kirinyaga ni kitabu kinachosomeka, na adui wa Kamari yupo hata leo, ingawa mara nyingi havai ngozi ya mbuzi. Huvaa suti na kukata bajeti ya maktaba. Ninachotaka ni wewe, uliyemaliza chuo, unayeendesha klabu ya vitabu, unayetafsiri, unayehariri, uache kuandika "mshindi wa tuzo" kana kwamba sentensi imekwisha hapo. Mshindi wa tuzo ya nani? Waliokuwa ukumbini ni akina nani? Wanaotajwa kwenye kitabu walikuwa wapi siku ya kura?

Zipo njia za kujibu zaidi ya kunung'unika. Tangu 2017 Jumuiya ya Waandishi wa Bunilizi za Afrika inatoa tuzo za Nommo, na wapiga kura wake ni Waafrika. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa 2014. Nyanja zipo. Kinachokosekana ni kelele zetu. Sisi ndio tunaokimbilia kumpongeza mwenzetu akiteuliwa New York na kusahau kununua kitabu chake kilichotoka Nairobi au Dar es Salaam. Mcheza kwao hutuzwa, lakini methali haijasema nani atatuza iwapo watu wa kwao wote wamekwenda kutazama ngoma ya jirani.

Basi mwezi ujao klabu yako isome vitabu viwili kwa pamoja, Kirinyaga na Walenisi. Mumsikilize Koriba akisema mwanamke hasomi, kisha mmweleze kuhusu Githunguri. Mtafsiri hadithi ya Kamari kwa Kikuyu na Kiswahili na kuisoma Karatina, mbele ya bibi waliosoma shule zile au walionyimwa, na muwaulize wao kama inastahili kutuzwa. Pengine watasema ndiyo. Hukumu hiyo nitaikubali.